Wasomaji Wangu wa Fundi wa Ukungu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za maktaba, na ninyi vijana mliobaki pale mezani mkaniomba niwaandikie niliyojifunza. Nadhani mlitaraji habari za kupanga vitabu kwa namba. Hayo yamo kwenye mwongozo wa kazi, na aliyeuandika anajua kuliko mimi. Vyeo navyo navipita. Nilipanda polepole kama watu wote, na safari moja nilishushwa. Nitawaandikia habari za kitabu kimoja na watu waliokisoma, na wengi zaidi ambao hawakukisoma, kwa sababu ndiyo kesi iliyonishinda, na mpaka leo nikiikumbuka nasaga meno.

Nilianza kazi Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, binti wa wakulima wa Kitanga niliyevaa viatu vya kuazima. Mkuu wangu alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilikuja na kalamu mbili mpya. Akazitazama, akazirudisha mfukoni mwangu, akanipa sufuria. Wiki nzima nilipika gundi ya unga wa muhogo. Alinifundisha kutia mrututu kidogo ili mende wasile migongo ya vitabu, na kuikoroga mpaka mwiko usimame wenyewe. Wiki ya pili alinipa sindano ya kushonea magunia na kitabu cha hesabu kilichopasuka katikati. "Shona," akasema. "Ukishamaliza, mtoto wa darasa la sita akivute kwa nguvu zake zote. Kisipoachia, nitakuonyesha kadi za kuazimia."

Kwenye kadi alikuwa na sheria moja. Msomaji akirudisha kitabu, tusimuulize kama amekipenda. Tumuulize ameishia ukurasa gani. "Ukimuuliza kama amekipenda, mwanangu, atakudanganya kwa adabu," alisema. "Ukimuuliza ukurasa, atababaika, nawe utajua." Niliona ni ukorofi wa mzee. Baadaye nilikuja kuuona ukweli wake mahali pabaya.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa Kibondo kufungua chumba cha kusomea. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mbegu. Kilinuka maharage na dawa ya wadudu, na kila asubuhi ukungu uliingia chini ya mlango kama moshi wa jikoni. Nilikuwa na rafu mbili, meza moja, mhuri wa tarehe uliokwama kwenye namba saba, na sanduku la bati la kupelekea vitabu vijijini, Murungu na kwingineko, nikipata nafasi kwenye gari la bwana shamba. Ilikuwa miaka ya kisomo. Watu wazima walikuwa wametoka kujifunza kusoma, wakaja kwangu wamevaa nguo za kanisani, wakaomba kitabu. Nami nilikuwa na nini? Vijitabu vya kilimo bora cha maharage. Mama mmoja alisoma mistari mitatu, akanirudishia. "Binti," akasema, "huyu anayenifundisha maharage amewahi kuyalima?"

Kwa hiyo lilipokuja boksi la vitabu kutoka Dar es Salaam, na ndani yake, kati ya vitabu vya afya na hotuba, nikakuta riwaya moja, nakala moja tu, nilifurahi kupita kiasi. Iliitwa Fundi wa Ukungu. Mwandishi sitamtaja. Hakuwa mtu wa huku.

Kisa chenyewe kinafanyika katika mji mdogo wa milimani usiotajwa jina. Asubuhi moja ya ukungu anaingia mwanamke mgeni, cherehani kichwani, hakuna ajuaye alikotoka. Anapanga chumba, anaanza kushona. Anashona vizuri kuliko fundi yeyote aliyepata kuonekana pale. Kisha mmoja mmoja, watu aliowapima kwa futi yake wanaanza kusikia mlio wa cherehani ndani ya ukungu, na siku ukungu ukiinuka mtu hayupo. Nguo yake tu imetundikwa kwenye ua, imeshonwa upya, haina hata alama ya kuvaliwa. Nilikisoma chote Jumapili moja mchana. Nilipokifunga nilitazama nje ya dirisha, na nje kulikuwa na ukungu. Nikacheka peke yangu. Nilijua nimepata kitabu.

Kila Jumatano alasiri nilikuwa na saa ya kusomeana, kwa ajili ya wale waliomaliza kisomo. Kabla ya kitabu kile walikuja watu sita, wawili wao wakisinzia. Niliposoma sura ya kwanza ya Fundi wa Ukungu walikuwa sita. Jumatano iliyofuata walikuwa zaidi ya thelathini, wengine wamesimama dirishani. Nilisoma kwa madoido. Mlio wa cherehani niliuigiza kwa ulimi. Akina mama waliguna, wakashikana mikono, wakacheka kwa woga. Nilijiona mtu mkubwa. Naandika haya makusudi, kwa sababu baadaye nilipowalaumu wengine nilipenda kusahau ni nani aliyeigiza ule mlio.

Katikati ya wiki kitabu kilikuwa kinaazimwa, na hapo ndipo wasomaji walipoanza kunichosha. Mwalimu mmoja alikirudisha kimepigwa mistari ya wino mwekundu kila palipokosewa chapa, na mwishoni amekipa alama, kama daftari la mtoto. Bwana shamba alikasirika kwamba ukungu ule mzito umewekwa mwezi wa saba, wakati kila mtu anajua mwezi wa saba huku ni vumbi. Katekista alinijia kuniambia kitabu ni cha kishetani. Nikamuuliza ameishia ukurasa gani. Akasema hajakigusa na hatakigusa. Kijana wa stoo ya ushirika alilalamika kwamba mizimu ni michache mno, kurasa nyingi watu wanashona tu. Na mtu mwingine, sikumpata kamwe, alichana ukurasa wa themanini na saba, akauacha umekunjwa ndani ya kitabu, kana kwamba ukitolewa mahali pake uchawi wake hautafanya kazi.

Aliyekipenda kuliko wote ni Mama Yustina, muuguzi wa hospitali, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Alikisoma siku mbili akakirudisha akihema. "Mdogo wangu, nimeshindwa hata kupika!" Nikamuuliza ukurasa. Akababaika. "Nimefika pale wanapomtafuta yule mwalimu wa kitabuni. Pale nikaogopa, nikakifunga." Kulikuwa bado na theluthi nzima ya kitabu. Hilo halikumzuia kukisimulia wodini, kliniki na kisimani, na mwisho wake akautunga mwenyewe.

Sasa nimtaje Mama Daforoza. Alikuwa Mrundi, mmoja wa waliovuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao. Mumewe hakuvuka. Alipata kibali cha kukaa mjini kwa sababu alikuwa fundi, na pale Kibondo hapakuwa na fundi wa nguo za kike. Alipanga chumba nyuma ya duka la chumvi, akaweka cherehani ya mkono juu ya meza, na katika mwaka mmoja akawavalisha nusu ya wanawake wa mji. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kimechanganyika na Kifaransa. Mimi na yeye tulisemezana Kiha na Kirundi, ambavyo vinakaribiana vya kutosha kwa watu wenye nia. Alikuwa mkimya, mwenye mikono ya haraka, na hakupenda kuulizwa habari za kwao.

Mtauliza: ulipokuwa unasoma habari za fundi mgeni kwenye mji wa ukungu, hukumfikiria? Sikumfikiria. Kwangu kile kilikuwa kitabu, na Mama Daforoza alikuwa mtu aliyekuwa na kitambaa changu cha bluu. Mawazo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu mpaka watu wengine walipoyakutanisha.

Ilianza kama mzaha. Mtu akimwona anapita na futi shingoni, anaiga mlio, krr-krr-krr, kama nilivyouiga mimi. Kisha msichana mmoja wa shule aliugua homa kali wiki moja baada ya kupimwa sare. Alipona, lakini wakati anaugua maneno yalikuwa yamezunguka mji. Kisha mchuuzi mmoja akaondoka bila kuaga, akaacha shati kwenye kamba. Baadaye ilijulikana alikuwa Kigoma kwa mwanamke, ila habari hiyo haikutembea kwa kasi kama ile ya shati. Shule ikatoa kazi ya sare kwa fundi mwingine wa mbali. Na asubuhi moja Mama Yustina alikwenda hadi mlangoni kwa Mama Daforoza, akalitupa kizingitini gauni alilokuwa ameshonewa, halijavaliwa hata mara moja, akarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Niliposikia nilichukua kitabu nikamfuata hospitali. Nilikuwa nimefikiri sana na nimepata ushahidi. Mwanzoni mwa kitabu, palipo na jina la mpiga chapa, huandikwa mwaka. Nikamfungulia.

"Soma hapa, dada. Kitabu hiki kilichapwa kabla ya wakimbizi kuja. Kilipoandikwa, Mama Daforoza alikuwa kwao na mumewe. Mwandishi hakumjua. Haiwezekani awe yeye."

Mama Yustina alisoma ule mwaka mara mbili. Akaninyanyulia macho, na nikaona amebadilika rangi.

"Kabla hajaja," akasema. "Sasa mdogo wangu, alijuaje kuwa atakuja?"

Nimefanya kazi ya vitabu maisha yangu yote na sijapata kukutana tena na jibu kama lile. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa nalo. Watu ambao hawajui hata jalada la kitabu lina rangi gani walinijia mezani wakiomba kuonyeshwa ule mwaka.

Nilimwandikia mwandishi kupitia kwa mpiga chapa. Nilimweleza yote, nikamwomba aandike barua, hata fupi, ya kusema yule mwanamke wa kitabuni ni wa kubuni na kwamba hakuwa mzimu. Nikasubiri.

Na nikiwa nasubiri, yapo ya kwangu. Kitambaa changu cha bluu kilikuwa kimeshakuwa gauni. Mama Daforoza alikuwa amenitumia habari kwamba liko tayari. Sikwenda. Wiki ya kwanza nilijiambia nina vitabu vya kushona. Wiki ya pili nilijiambia mvua. Sikuamini lolote katika yale maneno. Ningewaapia kwa kitabu chochote mnachotaka. Lakini kila nilipofikiria kusimama pale chumbani, mikono imetanuliwa, futi ikizunguka mwili wangu, miguu yangu ilipata kazi nyingine. Mimi niliyekisoma kitabu mpaka mwisho.

Mchana mmoja aliingia maktaba, ambako hakuwahi kuingia. Alikuwa na gauni limefungwa kwenye gazeti. Akaliweka juu ya meza.

"Hukuja," akasema.

"Nilikuwa na kazi nyingi, mama."

"Ego, ndiyo. Wote mna kazi nyingi siku hizi." Akatazama rafu. "Wanasema kuna kitabu humu kinanisema. Ni kipi?"

Nilikitoa. Akakishika, akakigeuza, akapapasa mgongo nilioushona kwa uzi wa katani, akaguna kidogo, nadhani kwa kuridhika. Kisha akavuta benchi.

"Nisomee, mukobwa, binti yangu. Kwa lugha yetu. Chote."

Tulikaa alasiri tano. Nilisoma Kiswahili kwa macho na kusema Kiha kwa mdomo, yeye akipindua pindo la kitu chochote alichokuja nacho. Mlango niliuacha wazi. Watu walipita, wakaona, wakaharakisha.

Sijapata msomaji kama yule. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Fundi wa kitabuni alipoanza kukata kola kabla ya kupima shingo, Mama Daforoza aliweka sindano chini. "Huyu bwana hajawahi kushona. Angemuuliza mtu." Mkate alioula fundi haukumridhisha, mji mzima haukumridhisha, ulikuwa na watu wengi wasio na shamba. Lakini pale mwalimu anaposikia mlio ndani ya ukungu alisogeza benchi karibu nami bila kujua, na watu walipoanza kutoweka alisema "Mawe!", mama yangu kwa Kirundi, kwa sauti, mkono mdomoni, kama akina mama wangu wote wa Jumatano. Kitabu kilimshika kama kilivyowashika wao.

Mahali pamoja tu alinisimamisha. Ni mwanzoni, fundi anapofika mjini na cherehani kichwani, anapita nyumba baada ya nyumba, na mwandishi anasema hakuna aliyemuuliza kama amekula.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Hapo amesema kweli," akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Siku ya tano tulifika mwisho. Mwisho wenyewe ni hivi: watu wa mji wamekusanyika, fundi anabeba cherehani yake, anashika barabara, ukungu unashuka, mtu mmoja anamwita kwa jina, yeye hageuki. Basi. Nikafunga.

"Imekwisha?" akauliza Mama Daforoza.

"Imekwisha."

"Anakwenda wapi?"

"Hakusema."

"Ni mtu au ni mzimu?"

"Hakusema, mama."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekiandika. "Amemwacha barabarani," akasema. "Kazi nusu. Mimi nikikupa gauni lisilo na mkono mmoja, utasema nini?" Alikuwa amekasirika kabisa, na hasira yake haikuwa ya kusingiziwa. Ilikuwa ya msomaji aliyesoma kurasa zote na kunyimwa mwisho wake. Kisha akanihimiza nilijaribu lile gauni la bluu pale pale, nyuma ya rafu. Lilinikaa sawa. Akanizunguka, akavuta bega, akasema sawa.

Wakati ule wazee wa mtaa walikuwa wamekwisha kwenda kwa Katibu Tarafa kutaka fundi aondolewe. Katibu Tarafa, Bwana Mrisho, alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu mtaratibu asiyependa kelele. Nilikwenda kwake na kitabu kwapani. Alinikaribisha kiti.

"Mimi siamini mambo hayo, dada yangu," akasema. "Wala sijakisoma."

"Basi kisome, mzee. Siku mbili tu."

"Nikikisoma itasaidia nini? Kila asubuhi nina watu mlangoni. Kesho mtu atatupa jiwe, na mwenye lawama ni mimi." Akagusa karatasi mezani. "Tunamrudisha kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wenzake. Barua inasema ni kwa usalama wake."

"Yeye amesema anataka usalama huo?"

"Dada yangu," akasema Bwana Mrisho kwa upole, "usinifanye niwe mtu mbaya. Barua bado sijatia sahihi. Ukiweza kuwatuliza watu kabla ya Ijumaa, nitaichana."

Basi Jumatano nilifanya nilichodhani ni busara. Nilitangaza kwamba nitasoma sura za mwisho, zile ambazo wengi hawakuzifikia, na nikamwomba Mama Daforoza aje akae mbele, pembeni yangu, watu wamwone anasikiliza kama wao. Alikuja. Chumba kilijaa mpaka rafu moja ikainama. Nusu ya mbele walikaa mbali na benchi lake kiasi cha kupitisha toroli.

Sikuigiza mlio. Nilisoma wazi, bila madoido. Ilikwenda vizuri kwa muda. Fundi alipokata tena kola kabla ya kupima, Mama Daforoza alinong'ona kitu, nikakitafsiri, na akina mama wawili wakacheka kweli. Kijana wa stoo akapaza sauti, "Kumbe kitabu kinakosea!" Nilidhani tumevuka. Kisha nikasoma mwisho.

Wote wakapiga kelele kwa pamoja.

"Hakuna kurasa nyingine?"

"Umezificha!"

"Kama ni mtu kwa nini hakugeuka alipoitwa?"

"Angegeukaje, watu wamemfukuza!" Huyu alikuwa yule mama wa maharage, Mungu amjalie.

"Mzimu haugeuki. Hilo linajulikana."

Mama Yustina alisimama katikati. "Mwandishi angekuwa na la kumtetea angelisema," akasema kwa ile sauti yake. "Amenyamaza. Kwa nini amenyamaza?"

Nilijibu, nilipiga meza, nilisema kitabu ni kitabu na huyu hapa ni mtu mwenye jina. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wanagombania mwisho, na aliyekuwa anagombaniwa alikuwa ameketi pale, mikono mapajani, akiwatazama mmoja mmoja. Wengi miongoni mwao alijua vipimo vyao kwa kichwa. Aliinuka, akasema "Mrahe" kwa sauti ndogo, kwaheri ya kwao, akatoka. Walimpisha njia pana.

Ijumaa barua ilitiwa sahihi. Lori la serikali lilikuja Jumatatu saa tatu asubuhi. Na hapo ndipo wanawake wa Kibondo walipopata ujasiri wa kwenda kwa Mama Daforoza, kwa sababu walikuwa na vitambaa vyao kwake. Walipanga mstari. Hakumkemea yeyote. Alimpa kila mmoja chake kimekunjwa, na kwenye vile ambavyo havijakwisha alikuwa amepachika pini ili fundi mwingine ajue pa kuendelea. Mimi nilibeba cherehani. Sikujua kama ni nzito vile. Tulipoiweka ndani ya lori aliniambia nisilie mbele za watu, nitachafua kola.

Jibu la mwandishi lilifika wiki mbili baadaye, kwenye karatasi nzuri. Alisema amefarijika mno kusikia kazi yake inasomwa mpaka nyanda za juu za Kigoma, na kwamba huo ndio ukomavu wa fasihi yetu. Kuhusu swali langu, kama yule mwanamke ni mtu au mzimu, aliandika: "Hilo namwachia msomaji." Akaniomba niwasalimu wasomaji wote.

Nilitaka kuichoma. Badala yake niliipeleka Kasulu kwa Mzee Salehe, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpelekea hasira zangu. Nilimwambia nimekitoa kitabu rafuni na sitakirudisha. Aliisoma barua, akavua miwani.

"Kitabu kina kosa gani?"

"Kimemfukuza mtu."

"Kitabu hakina miguu, mwanangu. Huyo Mrundi yuko wapi sasa?"

Nikamwambia. Hakusema zaidi kuhusu fasihi. Alivaa koti, akakohoa, akatoka kwenda misheni, ambako masista walikuwa na darasa la ushonaji na mwalimu wao alikuwa ameolewa akaondoka. Ilichukua miezi saba, vibali vitatu na matembezi ya mzee yule mgonjwa nisiyoweza kuyahesabu. Mwishowe Mama Daforoza alishuka kwenye basi Kasulu na cherehani yake. Hiyo ndiyo kazi ya maktaba niliyopata kuiona ikifanywa vizuri kuliko zote, na haimo kwenye mwongozo. Kitabu nilikirudisha rafuni mwenyewe, bila kuambiwa tena, na ule ukurasa wa themanini na saba nikaugandisha kwa gundi.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini nilikuwa nimehamishiwa tena Kasulu, nikawa naenda Kibondo kukagua tu. Safari moja nilikutana na Mama Yustina nje ya hospitali. Alinikumbatia, akanishika mkono dakika kumi. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na Kibondo yote haikuwa na fundi wa maana.

"Yule Mrundi alikuwa na mkono," akasema kwa masikitiko. "Sijui kwa nini aliondoka."

"Aliondoka kwa sababu mlimwondoa," nikasema.

Alinitazama kwa mshangao mtupu. Hakuwa anajifanya, hilo ndilo lililonimaliza. "Sisi? Mdogo wangu, kile si kilikuwa kitabu tu?"

Yote niliyotaka kusema yalikuwa na matusi. Nikayameza, nikamwelekeza anakopatikana: Kasulu, darasa la ushonaji, mlango wa kijani.

Alikwenda. Nilijua kwa sababu baada ya arusi nilipita kwa Mama Daforoza, nikamkuta anawafundisha wasichana kukata mikono ya magauni. Nikamuuliza kama ni kweli Mama Yustina alikuja.

"Ego. Nimemshonea."

"Alikuomba radhi?"

"Oya, hapana," akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Alilalamika kwapani panabana."

"Na palikuwa panabana kweli?"

Akakata uzi kwa meno.

"Nilipabana mwenyewe."